Jina Lililomshinda Echata

Echata wa Ambanoro alikuwa amekwisha kuzika watoto, mmoja baada ya mwingine, kabla hata hawajatambaa. Wote aliwapa majina mazuri, na wote akawazika nayo. Alipojifungua tena mtoto wa kiume, hakumpakata. Jirani yake Sittou alimchukua yule mchanga, akamlaza juu ya jaa nyuma ya jiko, kwenye majivu na maganda ya mihogo, kisha akamwokota na kumrudisha. "Nimeokota takataka," akasema, "wewe waitaka?" Ndivyo walivyofanya wa zamani, ili kifo kimwone mtoto hana thamani, kimpite. Akaitwa Jaa. Naye akaishi.

Kifo kilimpita kweli, lakini watu hawakumpita. Watu nao! Kwenye chuo cha Kurani kikipotea kitu, macho yote kwa Jaa. Ukiwapo uchafu wa kuzoa, aitwe Jaa. Alipokuwa kijana akamposa Saïda, baba wa binti alicheka mpaka akakohoa, akauliza kama amtupe mwanawe jaani. Na kijana mwenyewe alikuwa msafi, mpole, hana neno na mtu. Nani aliyatazama hayo? Jina lilikuwa limekwisha kumtangulia mlangoni.

Akapanda meli, akahamia mji wa Mahajanga, mtaa wa Tsaramandroso, akafungua kibanda cha kushonea, akajiita Hassane. Mtu yuleyule, mikono ileile. Sasa watu wakamwachia kanzu zao za Idi, na wakisafiri wakamwachia na funguo za nyumba zao. Akamwoa Kouraichia, binti wa watu.

Mwaka nchi ilipopata uhuru alimwalika mama yake. Pale pale gatini akamshika mkono.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Niite Hassane."

"Nitakuita mwanangu."

"Mwanangu hata jirani huniita. Mimi nataka jina."

 Echata aliogopa, basi. Angemwelezaje mwanawe kwamba ulimi wake mwenyewe ndio aliouogopa, ule uliowaita kwa majina mazuri wale aliowazika?

Siku ya karamu ya kumkaribisha mama nyumba ilijaa wageni. Hassane alipanda juu ya kigoda kutundika taa, kigoda kikayumba. "Jaa!" Echata akapiga kelele. "Shuka, utaanguka!"

Wageni wakageuka. Mmoja akarudia lile neno taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi, na mwenzake akacheka. Haikupita wiki, mteja akaja kibandani kuchukua kitambaa chake ambacho hakijashonwa.

Hassane alimpeleka mama yake melini, akambebea mzigo, akamtafutia pa kukaa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Echata kuliko yote. "Rudi siku utakayoweza kuniita," akamwambia.

Huko Ambanoro, Echata akawa anajifunza peke yake, akipepeta mchele. "Ha..." Halafu mdomo hujifunga. Akajiambia Ramadhani ikiisha atakwenda tena, na safari hii ataweza.

Ramadhani haijaisha, ikaja habari kwamba Hassane ana homa kali. Alipofika Mahajanga alimkuta ameshaoshwa na kuvishwa sanda.

Mwalimu wa msikiti alisimama mlangoni akiwa ameinamisha macho. "Mama, pole. Kaburini tutamsomea talkini, na maiti huitwa kwa jina lake na la mama yake. Hapa wako wanaosema Hassane, wako wanaosema Jaa. Wewe ndiye uliyemzaa, tuambie."

Kouraichia aliinua uso, akamtazama mkwewe.

Echata akaiangalia ile sanda. Kifo kilikwisha kumpata; hapakuwa na wa kufichwa tena.

"Hassane," akasema. "Hassane, mwana wa Echata."

Wanaume wakainua jeneza. Echata aliwafuata mpaka kizingitini, akaliita jina lile tena, kwa sauti, vile mama anavyomwita mtoto aje kula. Jeneza lilikata kona, na yeye bado anaita.