Godoro la Léocadie

Mwanasiti alikuwa ameshona maturubai ya malori kule Buyenzi tangu usichana wake, na alijua jinsi upepo unavyochana. Kwa hiyo alipoajiriwa kwenye tishari la watafiti wa ziwa, lililotia nanga mbele ya ufuko wa Kibenga, na Libère, msimamizi wa sitaha, akamtaka afunge hata ndoo tupu kabla helikopta haijatua, alicheka moyoni.

"Hata fagio, shefu?" alimuuliza mkuu wake huyo.

"Hata fagio, mama. Ile upepo inatoka juu. Haijue mutu."

Siku hiyo Léocadie, mpishi wao, alishikwa na tumbo hata akashindwa kusimama. Helikopta ikaitwa. Mwanasiti akafunga mapipa, akakaza maturubai, akalaza ngazi na kuipiga kamba. Léocadie akatolewa jikoni juu ya godoro lake, akawekwa nyuma ya chumba cha mitambo.

Mvumo aliusikia kifuani kabla ya masikioni. Kisha ziwa lenyewe likainama. Maji yalibonyea kama unga chini ya kiganja, yakachanika, yakawa moshi mweupe, na ndani ya moshi ule upinde wa mvua ukajikunja duara kamili.

"Subhana Llah," alisema, asiisikie sauti yake mwenyewe.

Ndege ikatua. Wahudumu wakamhamishia Léocadie kwenye machela, wakampakia. Mlango ukafungwa, mapangaboi yakaongeza kasi, na hapo Mwanasiti akaliona godoro. Lilikuwa limesahaulika pale pale. Ncha yake ilipumua, juu, chini. Likiruka likanaswa na mapangaboi, ndege itaanguka na Léocadie yumo ndani.

Alijitupa juu yake kifudifudi. Likanyanyuka naye, mwanamke mzima na unene wake! Halafu uzito mwingine ukamwangukia: Libère. Wakang'ang'ania kitambaa, upepo ukiwakandamiza na kuwavuta kwa mpigo mmoja, mpaka ukaisha.

Helikopta ilikuwa imeshakuwa nukta juu ya Rohero, upande wa mjini.

"We mama we!" Libère alihema. "Ingekubeba!"

Jioni simu ikalia: Léocadie amepasuliwa, anaendelea vizuri. Watu wakashangilia. Mwanasiti alikuwa bado ameketi ukingoni, akitazama ziwa.

"Shefu, uliona maji vile yaliinama?"

Libère alikuwa ameyaona mara nyingi. Akaketi kando yake, naye akatazama.