Zumari Iliyotundikwa Jikoni

Mimi ni fundi wa mbao. Ukiuliza habari za Wamae pale Giakanja, watakuambia kwanza kwamba kitanda changu hakipigi kelele, halafu watakuambia kwamba mwenyewe ninapiga. Yote mawili ni kweli. Wasichojua wengi ni kwamba mwaka jana, nikiwa na miaka sitini na saba, nilianza kujifunza kupuliza zumari, na sababu ilikuwa mke wangu.

Waithira aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu kwa miaka thelathini na mmoja. Kisha masikio yake yakaanza kufifia polepole. Jumapili moja wimbo uliisha, wenzake wakanyamaza, yeye akaendelea peke yake mstari mzima huku amefumba macho. Kanisa zima liligeuka. Tulipofika nyumbani alilikunja joho la kwaya akalitia chini kabisa ya sanduku, na tangu siku hiyo hakuimba tena, hata akikamua ng'ombe.

Hospitalini walimpa kifaa cha kuvaa sikioni, lakini kilimpigia mluzi kichwani mpaka akakihamishia kwenye kopo la sukari. Daktari alinieleza kwamba masikio yataendelea kufifia. Nilimuuliza mpaka lini, akasema hakuna ajuaye. Niliumia sana, na mimi nikiumia huwa nagombana, kwa hiyo mwaka ule niligombana na kila mtu, wakiwemo kuku.

Basi kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa vitambaa Nanyuki, anaitwa Halimo, ambaye alinipa kazi ya kitanda cha harusi ya binti yake Sabirin. Kitanda kilimpendeza, akatualika mimi na Waithira kwenye sherehe. Bwana harusi alitoka Lamu, na watu wake walikuja na wapigaji wao wa ngoma. Mmoja wao alikuwa na bomba jeusi la mbao lililopanuka mwishoni, lenye matundu sita, na juu yake kipande kidogo cha majani yaliyofungwa pamoja ambacho alikitia chote mdomoni. Lilitoa sauti ya puani, kali, yenye ubishi, kama ndama aliyenyimwa maziwa.

Waithira alikuwa ameupa mgongo ule upande, anakula pilau. Aliacha kula. Aligeuka, akanishika mkono.

"Hiyo nasikia," aliniambia. "Yote. Mpaka pale inapinda."

Wakati wote wa ile sherehe hakuondoa macho kwa yule mpigaji, na usoni alikuwa Waithira wa zamani, yule wa sauti ya pili kwayani. Mimi si mtu wa machozi, lakini siku ile nilitoka nje nikasingizia moshi wa nyama. Palepale nyuma ya hema niliamua kwamba nitatafuta bomba kama lile, nijifunze wimbo wetu wa kufunga ibada, nimpigie kabla masikio hayajafunga kabisa. Sikumwambia. Nikishindwa, nilitaka kushindwa peke yangu.

Kutafuta ndiko kulikonitoa jasho. Binti yetu Lynn, anayeuza dawa za mifugo Kutus, aliniangalizia kwenye simu. Obo mpya, yaani zumari ya Kizungu, akasema, ni bei ya ng'ombe wa maziwa. Mabomba ya Ulaya yanayotengenezwa kwa mfano wa yale ya karne zilizopita yalikuwa bei ya ng'ombe na ndama wake. Ya rahisi yalikuwepo, lakini yalikuwa mapambo ya ukutani. Hata matundu yalikuwa yametobolewa ovyo ovyo. Lynn alinishauri ninunue filimbi. Nilimwambia filimbi mama yako haisikii, na yeye akaniambia nikamwone Kahiga.

Kahiga ni mzee wa Kiganjo aliyepiga obo katika bendi ya polisi mpaka akastaafu. Nilimkuta anafunga ua wa bomani. Nilipomweleza haja yangu hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu daima. Alinionya nisiguse obo kuukuu zinazouzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu zina vifuniko na springi chungu nzima, na kimoja kikilegea bomba zima linakuwa bubu na hakuna fundi wake huku kwetu. Anayeanza, alisema, atafute babu yake obo: bomba la matundu matupu, lisilo na chuma cha kuharibika. Na zaidi ya yote aangalie ulimi, yaani kile kipande cha majani, maana hapo ndipo sauti inapozaliwa. Nikamwambia nimeshamwona huyo babu, yuko Lamu.

Nikarudi kwa Halimo. Alipiga simu kwa wakwe zake, na baada ya wiki tatu akaniita Nanyuki kuchukua zumari kuukuu iliyokuwa ya kufundishia watoto wa mpigaji mmoja. Ilikuwa imefungwa kwenye kanga pamoja na ndimi mbili zilizokazwa kwa nyuzi, za jani la mvumo, mti wa pwani wa jamii ya mnazi. Halimo alikataa pesa. Alitaka kabati ya vyombo. Nilimtengenezea ya mbao za mukima, milango miwili, na kusema kweli niliitengeneza vizuri kuliko yangu ya nyumbani.

Sasa nisikilize ujinga wangu. Zumari ilikuwa inanuka unyevu na ukungu. Kwetu, kibuyu kipya kikinuka unakiosha, unakianika, kisha unakipa moshi wa jikoni mpaka kikomae. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Nami nikaiosha zumari kwa maji moto, nikaitundika darini juu ya moto, nyuma ya mahindi ya mbegu, pamoja na ndimi zake. Tena nilijipongeza, kwa sababu pale Waithira asingeiona. Fundi wa miaka arubaini kazini, ninayewafokea wateja wakiweka viti vyangu karibu na jiko.

Siku ya nane niliishusha. Ilikuwa na ufa kutoka tundu la tatu mpaka mwisho, na zile ndimi zilikuwa zimejikunja kama majani ya chai. Nilipuliza, ikatoka hewa tu. Nilikaa juu ya gogo la kupasulia kuni nikajiona mzee kwelikweli.

Nilimpelekea Kahiga, nikitarajia anitukane. Aliigeuzageuza, akainusa.

"Fundi, hii si kibuyu," alisema. "Hii kitu inataka mate, wewe umeipatia moshi."

Ndipo alipochukua mrija wa juisi wa mjukuu wake, akaubana ncha kwa meno mpaka ukalala bapa, akaukata pembe mbili kwa wembe, akaupachika mahali pa ulimi. Akaziba ufa kwa vidole vyake vyote na kupuliza, na ile sauti ya Nanyuki ikatoka, yenye mafua lakini ndiyo yenyewe. Alinihakikishia kwamba mrija utanitosha mwaka mzima, maana anayejifunza huharibu ndimi nyingi, na jani la mvumo ni la kutuma mpaka pwani. Kilichobaki ni ufa, na huo ulikuwa kazi yangu.

Gundi ilishika siku mbili, ikaachia. Nikatia nyingine, ikaachia kwa sababu ya joto la pumzi. Kabla sijajaribu mara ya tatu niliitwa shambani kwa haraka, nikaisahau zumari juu ya meza ya kazi. Niliporudi nilimkuta Waithira ameketi pale na kapu lake la nyuzi za kusukia viondo, anauzungushia ule ufa uzi alioupaka nta, raundi kwa raundi, ukiwa umekaza na kulala sawasawa. Nilisimama mbele yake anione midomo, nikamwambia huo ni mguu wa kiti cha mteja.

"Mguu ya kiti iko na matundu sita?" aliuliza, bila kuinua kichwa. Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno, akanirudishia na kwenda kukamua. Hakuuliza tena, nami sikueleza.

Ikashika. Nikaanza kujifunza kwenye banda la kahawa, mwisho kabisa wa shamba, kila siku saa kumi jioni. Mwezi wa kwanza jirani yetu Anita alikuja mbio kuuliza kama kuna ng'ombe anazaa vibaya. Mwezi wa pili aliacha kuja, nikachukulia hiyo kuwa sifa. Mwezi wa tatu niliweza kuupiga wimbo wetu toka mwanzo hadi mwisho, mashavu yakiniuma. Wakati huohuo Waithira alikuwa ameanza kutosikia mlango ukibishwa, hata ukibishwa kwa ngumi. Nilikuwa naogopa. Kila jioni nilijiambia bado kidogo, niunyooshe kidogo tu, na kila asubuhi niliogopa kwamba nimechelewa.

Jumapili moja baada ya chakula nikaona imetosha kungoja. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha jikoni anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilikaa kwenye ngazi, hatua tatu kutoka kwake, nikalowesha mrija mdomoni, nikapiga.

Hakuinua kichwa. Nilipiga ubeti wa kwanza wote, yeye akaendelea kutoa mawe na kuyatupa kwa kuku. Nilipiga wa pili kwa nguvu zaidi. Vidole vyake havikusita hata kidogo. Nikaishusha zumari magotini. Miezi yote ile, kabati ya Halimo, ule ufa, na masikio yalikuwa yamefunga nikiwa kule bandani nanyoosha.

"Mstari ya tatu inapanda," alisema Waithira, macho yakiwa bado kwenye maharagwe. "Wewe unashuka. Miezi tatu sasa, unashuka hapo hapo."

Nilihama pale ngazini nikaenda kupiga magoti mbele yake, anione vizuri, nikamuuliza alikuwa anasikia tangu lini.

"Tangu ile siku Anita alikuja kuuliza ng'ombe," alisema. "Kwani unafikiri mimi huchambua maharagwe nje kila saa kumi kwa nini? Tumekula githeri ya hayo maharagwe mpaka Lynn akauliza kama tumefilisika."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, nirekebishe kosa mapema. Aliweka ungo chini. Alipangusa mikono kwenye leso, akanishika shavu lile linalouma zaidi.

"Baba Lynn, ningekuambia, ungemaliza," alisema. "Nilikuwa nataka uendelee kukosea."

Sikugombana naye, na watu wa Giakanja wakisikia hilo hawataamini. Nilirudi kwenye ngazi, nikalowesha mrija upya. Nilipofika mstari wa tatu nilipanda, na pale juu nikamkuta Waithira amenitangulia, amefumba macho, anaimba sauti ya pili.