Udi Ulioletwa Mapema

Mwatima alirudi Dubai na shahada yake kutoka Malaysia, na tangu siku ya kwanza alihisi nyumba yao ya Rashidiya ina jambo. Mama yake, Bi Kibibi, akiwa kwenye simu hukata ghafla binti akiingia. Vikombe vya kahawa vilitolewa kabatini vikang'arishwa. Likaja buibui jipya, likafichwa uvunguni, kana kwamba binti hana macho.

"Mama, kuna nini?"

"Kuna nini tena? Hamna kitu."

Siku moja, akichagua mchele, Bi Kibibi akauliza bila kuinua uso, "Hivi mwanangu, mtu mzima akiolewa kwa hiari yake, kuna ubaya?"

Basi! Mwatima akajua anaozwa. Binamu yake Tufaha naye alirudi na shahada, na mwaka haukuisha akawa mke wa mtu asiyemjua. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Aliyeumwa hapa ni Tufaha, kushtuka akashtuka Mwatima. Na kazi aliyoahidiwa huko kwenye minara mipya ya Jumeirah Lake Towers? Kule chuoni alikuwa akitoka na kurudi bila kuulizwa na mtu. Alikasirika. Lakini hakuuliza tena, maana alishaamua kuwa ataongopewa.

Ijumaa baada ya Alasiri wakaja wageni, Umm Khalfan na dada yake, Waarabu wenyeji wa mtaa wa pili. Wakambusu Mwatima, wakamtazama juu hadi chini, wakasemezana upesi upesi. Kiarabu chake kilikuwa kimeshika kutu, ila alidaka maneno mawili, *bint* na *radhya*. Binti yu radhi?

"Kalete kahawa," mama akamwambia. "Udi usiulete mpaka nikuite."

Hapo ndipo shetani alipompa fikra. Kwao Unguja udi humkaribisha mgeni. Kwa Waarabu wa Ghuba udi ndiyo kwaheri: ukishazungushwa hakuna tena kukaa, wala mwenye nyumba hahitaji kutamka neno. Mwatima alilijua hilo tangu utotoni. Akatia makaa kwenye chetezo, akatupia udi, akaingia nao sebuleni kahawa haijapoa.

Umm Khalfan akanyamaza katikati ya maneno. Akamtazama Mwatima, akamtazama Bi Kibibi. Akaifukiza shela yake taratibu, kwa adabu zote, kisha akainuka.

"Khalas," akasema. "Tumefahamu. Ni haki yake."

Mlango ulipofungwa Mwatima alishusha pumzi. Raha aliyoisikia haikuwa na kifani.

"Mama, usiniozeshe kwa kificho. Mimi siolewi."

Bi Kibibi hakuwa amenyanyuka. "Nani kakuposa wewe?"

"Si hao?"

"Hao wana kaka yao, kafiwa na mkewe. Wamekuja kuniposa mimi, Mwatima. Tangu babaako atutoke, nawe uko masomoni, nakula peke yangu, nalala na redio. Nikawaambia mimi sina neno, ila mwanangu awe radhi. Nikasema, njooni mumwone, mumuulize mwenyewe. Nikaona haya kukwambia kwa kinywa changu."

Chetezo kilikuwa kingali kinafuka mkononi mwa Mwatima, asijue pa kukiweka.

"Niwafuate, mama? Hawajafika mbali."

"Uwaambie nini?" Bi Kibibi akaanza kukusanya vikombe. "Wamekuja kukuuliza, na wewe umewajibu."