Kitambulisho cha Ziwa

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, Raylene Okemow alikuwa wa kumi na moja kwenye foleni ya vitambulisho, ghorofa ya nne ya jengo la mikutano mjini Ottawa. Alikuwa akila nusu ya mkate wa bannock aliofungiwa na bibi yake. Nusu nyingine ilikuwa imeishia kwenye ndege. Alikuwa na miaka ishirini na sita, alimaliza shule mwaka uliotangulia kwa masomo ya jioni, na hotuba yake aliiandika kwa mkono mara tisa.

Alikuwa amebeba pia chupa ya jemu yenye maji ya bomba la nyumbani, ayaweke mezani watu wayaone. Uwanja wa ndege walimwambia maji hayaruhusiwi, wakayamwaga.

Kwao, kando ya Ziwa la Mawe Mawili, kaskazini mwa Manitoba, tangazo la kuchemsha maji lilibandikwa Raylene akiwa na miaka saba. Lilikuwa bado limebandikwa.

Vijana arobaini kutoka kila pembe ya nchi walipewa siku tatu waandike Azimio la Vijana. Waziri angelipokea Jumatano, kisha lingepelekwa Geneva kuunganishwa na ya mataifa mengine. Kanuni ilikuwa moja: maneno yasiyokubaliwa na wote hutiwa kwenye mabano, na siku ya tatu mabano yote lazima yaondoke, ama na maneno yake ama bila; yakibaki, hakuna azimio. Raylene alikuwa na sentensi moja tu, ibara ya kumi na nne: "Kufikia mwisho wa mwaka ujao, kila nyumba itakuwa na maji ya bomba yanayonyweka." Watu mia nne na sitini walikuwa wamemtuma na sentensi hiyo.

Alipoisoma ukumbini, mwenyekiti aliitikia kwa kichwa kwa heshima. Huyu alikuwa Harjot Dhaliwal, mwanafunzi wa sheria kutoka Brampton.

"Dada Ray, imetulia kabisa," alisema. "Shida ni hiyo tarehe. Wakubwa hawapendi tarehe."

Akaitia kwenye mabano. Ndipo maji yalipoanza kuingia kwa chini ya mlango.

Yaliingia bila haraka. Wajumbe waliinua mikoba yao, wakavua viatu na kuvipanga juu ya meza. Ilipofika saa ya chai, maji yalikuwa magotini, na ukumbi mzima ulinukia misonobari. Mawe mawili makubwa yalikuwa yamesimama kando ya kibanda cha wakalimani. Raylene aliliona lile dogo na pengo lake, pale mjomba wake alipoligonga kwa boti.

Simu yake ikalia. Alikuwa bibi yake, ambaye kama bibi wote wa kwao huitwa Kohkom.

"Ray, ziwa haliko."

"Liko huku, Kohkom. Limekuja mkutanoni."

"Ahaa. Maana nimetoka nje nimekuta tope tupu, na boti ya mjomba wako imelala ubavu. Lirudi kabla ya Ijumaa, ana nyavu za kutega."

"Nitaliambia."

"Na wewe umekula?"

Mlangoni alikuwa amesimama Bi Maureen wa vitambulisho, maji yakiwa yamemfika kwenye pindo la sketi. Alisema hana ugomvi na ziwa, ila hakuna anayekaa ukumbini bila kitambulisho.

"Lipe cha mjumbe," alisema Wesner Dorcéus wa Montréal, aliyeketi jirani na Raylene. "Limetoka mbali kuliko sisi wote."

"Wajumbe walijaza fomu miezi miwili iliyopita, mwanangu. Hili lilijaza?"

"Lenyewe limejaa, mama. Fomu ya nini tena?"

Bi Maureen hakucheka. Aliandika kwenye kitambulisho ZIWA LA MAWE MAWILI, na chini yake MTAZAMAJI, akakiningʼiniza kwenye jiwe dogo. Mtazamaji anaruhusiwa kukaa. Haruhusiwi kusema wala kupiga kura.

Jumanne saa nne asubuhi jua lilipita madirishani na kugonga maji, na dari yote ikaanza kutembea kwa mwanga. Samaki walipita kati ya viti kwa mafungu, bila kumgusa mtu. Ndege wa ziwani mwenye shingo ya madoadoa alilia mara moja, sauti ndefu, kisha akatulia. Mjumbe wa Yukon alivua kofia. Wesner aliuweka mkono majini, akautoa polepole, akautazama. Raylene aliinamisha kichwa, akasali ile sala waisemayo kwao kabla ya kushusha nyavu, akamshukuru Mungu kwamba alilileta mwenyewe lile ambalo yeye alishindwa kulibeba kwenye chupa. Harjot alipotelewa na ukurasa na hakuna aliyemhimiza. Katibu aliandika kwenye kumbukumbu za mkutano: "Wajumbe walinyamaza, saa nne hadi saa tano."

Mwishowe Harjot alichota glasi, akaiinua kinywani. Raylene akamshika mkono.

"Hapana, kaka. Mpaka yachemke."

"Mbona yanangʼaa hivi?"

"Ndivyo yalivyo. Yanangʼaa."

Harjot aliiweka glasi mezani, mbele yake. Mchana ule aliyaondoa mabano ya ibara ya kumi na nne, na hakuna aliyepinga.

Jumatano asubuhi ilifika barua kutoka ofisi ya waziri. Azimio likiwa na tarehe, waziri hataweza kulipokea. Mabano yakarudi. Kwa kanuni, Raylene akisema hapana, hakuna azimio.

"Ukikataa, nakataa na wewe," alisema Wesner. "Ila ujue, ibara ya tisa, ya familia zinazoomba hifadhi, ni ya mama yangu. Analala kwenye ukumbi wa kanisa tangu Novemba."

Raylene alilitazama ziwa. Lilikuwa limetulia tuli, kitambulisho kikiwa jiweni, likitazama kama lilivyoruhusiwa. Kisha akasema, "Toeni."

Ibara ikaandikwa upya: "Serikali inahimizwa kuendelea kulipa suala la maji uzito unaostahili." Wesner alimshika bega.

Waziri alikuja saa nane akiwa amevaa buti za mpira. Alisema hajawahi kuona ziwa zuri namna ile, na sauti yake ilitetemeka kweli. Alilipokea azimio, akapigwa picha kati ya mawe mawili, akanywa maji ya chupa aliyofunguliwa na msaidizi wake, akaondoka.

Ziwa liliondoka jioni hiyo, kwa ngazi.

Raylene alifika nyumbani Alhamisi akalikuta mahali pake, limejaa hadi kwenye majani. Mjomba alikuwa anapanga nyavu. Kohkom alikuwa jikoni na kitambulisho mkononi.

"Limerudi na hiki. Mtazamaji ndiye nani?"

"Anayekaa ndani na wenzake, Kohkom, ila hasemi."

Kohkom alikisoma tena, akakifuta matone kwa aproni. Akakitundika kwenye msumari wenye lile tangazo la kuchemsha maji, akajaza sufuria bombani, akawasha jiko. Nje ya dirisha ziwa lilikuwa linangʼaa. Wote wawili waliketi wakisubiri maji yachemke dakika moja kamili, kama tangazo linavyosema.