Manyoya Matatu Meusi

Kila ukoo una muziro wake, yaani kitu usichokiua wala kukila, la sivyo watoto wako hudhurika. Wengine muziro wao ni mnyama, wengine samaki. Wa akina Projest wa Nyakasimbi ulikuwa ndege: yule mweusi wa nyikani, mwenye utepe mwekundu shingoni na mkia mrefu unaomwelemea akiruka. Kiangazi haonekani, na marehemu baba yake Projest alikuwa akisema huvuka mto Kagera kwenda Ruanda ya Wabelgiji.

Kiangazi kilikuwa cha vijidege vya kahawia, wezi wa ulezi. Hao Projest aliwanasa kwa matanzi ya singa za ng'ombe, na mkewe Kokwijuka akawapika. Mimba mbili zilikwisha kumtoka mwanamke huyo. Ya tatu ilikuwa imeanza kuonekana, na hakutamani kitu ila nyama hiyo.

Asubuhi moja alinaswa ndege wa kahawia kama wenzake, ila nyuma yake yalining'inia manyoya matatu meusi, marefu kama shibiri. Projest alimpuliza shingoni. Chini ya kahawia palikuwa na wekundu.

Akamtia kikapuni, akaenda kwa shangazi yake Xaveria. Hata shikamoo aliisahau. Xaveria alimgeuza ndege mara moja tu, akasema haendi Ruanda wala wapi. Mvua zikikatika dume huvua nguo zake nzuri, akafanana na majike.

"Lakini baba alisema..."

"Baba yako alipenda nyama. Umemlisha mkeo?"

Projest akainamisha kichwa.

"Mtoto ni wa ukoo wetu hata akiwa tumboni," shangazi akasema. "Nenda kamwambie mwenyewe. Mzigo huo sikusaidii."

Kokwijuka alikuwa ameshainjika chungu. Projest alimweleza yote, ndege akipapatika kikapuni. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaepua chungu.

"Na wale wawili waliotangulia?"

Projest akakaza kifuniko cha kikapu.

Kokwijuka alifunga nguo zake, akasema anakwenda kwa mama yake, kijijini Kanoni, mpaka ajifungue. Mumewe aliponyanyua mkungu wa ndizi amsindikize, alimzuia mlangoni.

"Usiniletee chakula, Projest. Chochote."

Alipopotelea migombani, Projest alifunua kikapu. Ndege akaruka, manyoya matatu yakimfuata, akatua pale pale kwenye ulezi, akaanza kula. Projest hakumfukuza. Alichuchumaa, akaanza kung'oa matanzi.