Barua Mbili za Mwandiko Mmoja

Katika sehemu yetu ya jela tulikuwa wanawake ishirini na sita, na nusu yao kuandika kuliwapiga chenga tangu shule. Mimi, Senga Rennie, karani wa zamani na mwizi wa siku hizi, nilikuwa nikiwaandikia wenzangu maombi yao ya ofisini. Malipo yangu yalikuwa biskuti. Sharti lilikuwa moja: naandika unachosema wewe, langu siweki.

Jumanne asubuhi alikuja Rhona, binti wa miaka ishirini na mitatu wa seli ya jirani. Alikuwa hajaoga kwa siku tisa. Bafu letu ni la pamoja, mlango wake hauna komeo, na Ailsa alikuwa akioga humo humo. Ailsa alizaliwa mvulana, ameishi kama mwanamke miaka ishirini na miwili, na alifungwa kwa kuuza simu za wizi. Hakuwa amemgusa mtu yeyote. Rhona naye alikuwa amebakwa na baba wa kambo miaka minne mfululizo, na sauti nzito ya Ailsa ikisikika koridoni, mwili wake haukungoja maelezo.

"Usiandike kwamba ni mbaya, mimi sijui kama ni mbaya," aliniambia. "Andika kwamba nikiisikia ile sauti nikiwa sina nguo, najikojolea. Andika aondoke."

Nikaandika hivyo hivyo.

Mchana akaja Ailsa. Kwetu siri haikai hata saa moja. Alileta pakiti nzima ya biskuti za tangawizi, na kidevu alikuwa amekinyoa mpaka kimechubuka. Alitaka kuomba abaki. Akanisimulia miezi mitano aliyoanzia kifungo katika jela ya wanaume, akafungua kinywa nione taya lililovunjwa huko, ambalo mpaka leo linagoma nusu njia. Alinikataza kabisa kuandika neno baya juu ya Rhona.

"Mtoto wa watu anaogopa, nitamlaumuje?" alisema. "Lakini dada, mimi nami naogopa. Liandike na hilo."

Nikaliandika. Nikiri tu, barua zote mbili nilizionea fahari.

Alhamisi niliitwa na Bi Geddes, naibu mkuu wa jela. Barua zilikuwa mezani, mwandiko mmoja. Akaniuliza ipi ni ya kweli. Nikamwambia zote mbili, neno kwa neno. Akavua miwani, akasema wakubwa wa magereza huko Edinburgh wanataka jibu kesho, magazeti yameshanusa, na kila upande unamtaka amtose mmoja. Nilimuuliza jela yenye kamera kila kona inakosaje komeo la bafu. Akasema makomeo yaling'olewa tangu mwanamke mmoja ajinyongee humo.

"Kuna kile chumba cha nyumba ndogo ya bustanini, chenye bafu lake," akasema. "Ni chako kuanzia Jumatatu. Ukikubali kusubiri mpaka mwakani, nampa Rhona kesho, na Ailsa anabaki alipo. Sikulazimishi, Senga."

Chumba kile nilikuwa nimekisubiri miaka mitatu. Waliokaa nyumba ile waliruhusiwa kuwa na watoto wao kutwa nzima, bila askari kukaa mezani. Mwanangu Mirren, wa miaka tisa, alikuwa ameshaniandikia orodha ya vyakula tutakavyopika: mayai, soseji, chapati za viazi. Nilimwaza yeye tu, na kwa hilo simwombi mtu radhi. Radhi naomba kwa nililolisema.

"Mimi mwandishi tu, afande. Mambo yao siyajui."

Ijumaa, wakati wa uji, walimchukua Ailsa kumrudisha jela ya wanaume. Alinishika mkono akanishukuru, akasema hajawahi kuelezwa vizuri namna ile. Nikamwambia ajitunze. Rhona alioga siku ile ile, nusu saa nzima, akatoka nywele zikichuruzika maji akanikumbatia. Usiku huo alilala kitandani, si sakafuni nyuma ya mlango. Asije mtu kuniambia hofu yake ilikuwa upuuzi.

Mirren ameshakuja bustanini mara mbili. Soseji anazimaliza yeye.

Juzi nimepata barua kutoka kwa Ailsa, imeandikwa na mfungwa mwenzake. Wamemvunja vidole viwili. Amesikia kwa askari mmoja kwamba kulikuwa na chumba, na mwanamke fulani alikataa kukiachia. Hajui ni nani. Ananiomba nimtafute mwanamke huyo nimwandikie kwa niaba yake, kwa upole, maana huenda ana mtoto.

Sijaandika neno.