Chumba cha Wanaume Wanne

Kila Jumamosi Kipkemboi alipaka chokaa pale jiko lilipoacha masizi ukutani, ili karani wa nyumba asijue kuna mwanamke anayepika chumbani. Mkewe, Chepchirchir, alimshikia ndoo kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kiunoni. Mimba ilikuwa ya miezi tisa.

Chumba hicho cha manispaa, mjini Nakuru, kilikuwa cha wanaume wanne tu. Watatu, Wakikuyu, walichukuliwa na askari katika msako wa Mau Mau wa mwaka wa 1954, wakaacha vitanda vyao vya chuma na koti moja msumarini. Kipkemboi alingoja miezi minne, ndipo akamwita mkewe kutoka kijijini. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amefia tumboni, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, hospitali ingali mbali. Hapa mjini hospitali ilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu.

Jumatatu asubuhi karani, Khaemba, alisukuma mlango bila kubisha. Akatazama kuta, akacheka.

"Kipkemboi, mimi ni mjinga? Vyumba arobaini nimepita, kuta zimetemewa tumbaku, zimechorwa wasichana. Wanaume hawaishi hivi. Yuko wapi?"

Chepchirchir akatoka nyuma ya pazia la gunia.

"Ni mke wangu, bwana karani," Kipkemboi alisema.

"Cheti?"

"Nilimfunga nyasi ya ndoa mkononi mbele ya wazee. Ng'ombe sita wa mahari walitoka."

"Niandike nyasi kwenye kitabu cha mzungu?"

"Vitanda vitatu ni vitupu. Hatujamnyima mtu nafasi."

"Vitupu, lakini ni vya wanaume."

Chepchirchir akasema, "Wiki jana huyu alipaka nyumba ya mzungu kule juu. Vyumba saba, watu wawili na mbwa. Huko ulienda kuhesabu vitanda?"

Khaemba akashusha sauti. "Mama, mke wangu pia yuko kwetu Kimilili. Usinitafutie maneno. Lori la kurudisha wanawake vijijini liko langoni."

Kisha akamkabidhi Kipkemboi kopo la rangi nyeusi.

"Mkono wako ni mzuri. Andika namba za vitanda ukutani, watu watatu wanaingia leo. Ukikataa, kazi ya manispaa na chumba vyote vimeenda."

Kipkemboi akaandika 1. Akaandika 3, halafu 4. Chokaa ya Jumamosi ilipokea rangi vizuri.

"Umeruka mbili," Khaemba alisema.

Chepchirchir alikuwa ameketi kwenye kitanda cha pili. Alishika chuma kwa mikono yote miwili, jasho likimtiririka shingoni.

"Uchungu umeanza," alisema.

Lori likapiga honi. Khaemba akatazama mlango, akatazama kitabu chake.

"Mwambie ainuke kwanza," alisema polepole, "ndio uandike."

Brashi ilibaki mkononi mwa Kipkemboi, juu ya kichwa cha Chepchirchir, ikidondosha rangi nyeusi kwenye kitambaa chake.